Kopo la Misuli na Ugali Maharage

Wadau, mdogo wangu mmoja kule Malolo, Kilosa, anajifua kwa ndondi. Juzi kanitumia ujumbe: "Dada, pesa ya vitunguu ninayo. Ninunulie kopo la BCAA hapo Dar, nataka ngumi nzito."

Ndani ya kopo hilo kuna asidi amino 3 tu: lusini, isolusini na valini. Misuli haijengwi bila zote 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Na hizo anazo jikoni. Mahindi yana laisini kidogo, maharage yanayo tele; methionini iliyopungua kwenye maharage iko kwenye mahindi. Mayai na dagaa wana zote 9.

Kuna baya zaidi. Baadhi ya makopo ya namna hii yamewahi kukutwa na dawa zilizokatazwa, hazikuandikwa popote. Kwa kanuni za WADA, kikikutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Unaweza kufungiwa miaka.

Nikamjibu anunue glavu, chenji ale dagaa. Akauliza: "Mbona wenye vifua mjini wanayanywa?"

Nyie wa jimu, mjibuni.