Tairi za Kukimbia kwa Pesa ya Majani Chai

Kila nikiposti video ya ka-Swift, swali la kwanza kwa inboksi si injini wala ekzosi. Ni "buda, umevaa tairi gani?" La pili linafuata hapo hapo: "semisliki ni how much Nairobi?" Hilo la pili ndilo limenifanya niandike.

Kama wewe ni mgeni hapa: mimi ni wa Kericho, upande wa Litein, ukiendelea mbele kidogo uko Bomet. Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua. Gari ni Suzuki Swift Sport ya 2008, yangu nusu, ya binamu yangu nusu. Injini ya 1600, haina tabo, uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Tukipata pesa ya mafuta tunaenda Kiambu kwa zile mbio za saa, barabara inafungwa katikati ya mashamba ya chai na unakimbia peke yako dhidi ya muda. Huku kwetu hakuna sakiti. Kona tunazo, tena kali, lakini zina watoto wa shule, ng'ombe na trekta za majani chai. Usiniambie ati unafanyia mazoezi hapo.

Sasa, mathe ana shamba dogo la chai. Bonasi ilipoingia Oktoba alinipa elfu 40 akasema nifanyie kitu ya maana. Binamu yangu akasikia elfu 40, akaona semisliki. Tumebishana wiki tatu.

Semisliki ni tairi ya mpira laini sana, meno machache, inaruhusiwa barabarani lakini roho yake iko sakiti. Angalia ubavuni mwa tairi utapata neno TREADWEAR na namba. Hiyo namba inaonyesha mpira unaisha haraka kiasi gani: ikiwa ndogo, mpira ni laini, unashika lami vizuri na unaisha upesi. Toyo R888R imeandikwa 100. Nankang AR-1 ni 80. Tairi ya kawaida ya Fielder huwa kati ya 300 na 500. Lakini usilinganishe kampuni mbili kwa namba hiyo ukadhani ni sheria ya Mungu, maana kila kampuni hupima zake yenyewe.

Shida ni kwamba ule mpira laini unafanya kazi ukiwa moto. Kuupasha moto unahitaji uzito, nguvu ya injini, na mizunguko kadhaa mfululizo. Swift haina hata kimoja. Unakaa kwenye laini, unasubiri zamu, unakimbia dakika chache, umemaliza, na tairi ndiyo kwanza inaanza kuamka. Halafu fikiria mahali penyewe. Chai inamea vizuri pale kuna baridi na mvua. Kericho ni moja ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na asubuhi za Kiambu unavaa jaketi mbili. Kitu ambacho chai inapenda, semisliki inachukia.

Na hapo bado sijafika kwa jambo lililonifanya nikatae kabisa. Wasee wenye pesa wanaleta gari juu ya trela, wanabadilisha tairi pale, wanakimbia, wanabadilisha tena, wanaenda nyumbani. Sisi trela hatuna. Tairi tunazokimbilia ndizo zinaturudisha, zaidi ya kilomita 200, usiku, mara nyingi mvua, kupitia Nakuru, Mau Summit na Londiani Junction. Pale Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo likaua zaidi ya watu 50 kwa dakika moja. Haikuwa shida ya kona wala ya mtoto wa watu na Swift, najua. Lakini siwezi kupita pale na tairi ambayo maji yakisimama kwa lami inaelea kama sahani, ati kwa sababu ilinipunguzia sekunde mbili mchana.

Binamu akaniambia mimi ni muoga, mabingwa hawafikirii hivyo. Nikamkumbusha Joginder Singh. Kama humjui, alizaliwa hapa hapa Kericho mwaka wa 1932, na alishinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliendesha Volvo PV544 iliyotumika, gari ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaikimbiza Safari ya mwaka uliotangulia. Mitumba, buda! Alishinda kwa kufika.

Kwa hivyo nilinunua nini? Kwanza saizi. Swift Sport yetu inatoka na 195/50R16. Hiyo saizi si ya kila duka, na ukiipata bei inauma. Tulibadilishana rimu na msee wa Bomet tukapata za 15, tukavaa 195/55R15. Kimo cha gurudumu kinapungua kama asilimia moja tu, spidomita haidanganyi sana, na tairi ni rahisi zaidi. Jaribu rimu kwanza kama inapita kaliper ya breki kabla hujalipa.

Pili, umri. Zamani Yana zilikuwa zinatengenezwa hapa Nairobi, mpaka kiwanda kikafungwa 2016. Siku hizi tairi mpya nyingi zinakuja na meli, zinakaa stoo, zinakaa dukani. Tafuta DOT ubavuni, soma namba nne za mwisho: 1125 ni wiki ya 11 ya 2025. Kuna muuzaji mmoja alinionyesha tairi "mpya" inang'aa kama viatu vya harusi, namba inasema 2017. Mpira hukauka hata kama haujakanyaga lami. Na zile zilizotumika, zimekatwa meno upya kwa kisu cha moto, hata sitaki kuziongelea.

Tatu, soma gredi. TRACTION A au AA, hiyo ni kushika breki kwa lami yenye maji. TEMPERATURE A. Herufi ya spidi iwe V, si kwa sababu utafika 240, ni kwa sababu imejengwa kuvumilia joto. Namba ya TREADWEAR karibu 300 inanitosha.

Kama pesa inatosha tairi mbili tu, zile mpya weka nyuma. Najua gari inavutwa na za mbele. Lakini ya mbele ikiteleza unahisi kwa usukani na unapunguza mguu. Ya nyuma ikiteleza kwa mvua, unashtukia unaangalia ulikotoka, na gari nyepesi inazunguka haraka.

Halafu presha, hii ni bure. Anza na ile iliyoandikwa kwa mlango wa dereva. Chora mstari wa chaki kutoka kwa meno hadi ubavuni, kimbia, rudi uangalie. Chaki ikifutika hadi ubavuni, presha ni kidogo, tairi inalala kwa kona. Ikibaki ukingoni mwa meno, umejaza sana. Ukitoa upewo tairi ikiwa moto, usisahau kuurudisha kabla ya safari, maana ikipoa itakuwa chini. Pampu yetu ndogo inakaa kwa buti na haitoki.

Elfu 40 ilinunua tairi nne, balansi na alainmenti, ikabaki ya pedi za breki za mbele. Binamu bado amenuna. Mathe aliuliza tu kama sasa naweza kumpeleka Kericho Jumamosi mvua ikinyesha, nikamwambia ndiyo. Jina la kampuni ya tairi siwaambii, hawajanilipa.