Marinda Ishirini na Sita

Binti alikata inchi 28: za kiuno 26, mbili za mshono. Akakizungusha kitambaa kiunoni mwa mwenzake, kikatosha barabara. Ndipo akagundua kuwa marinda hayana pa kutoka.

"Madam, mbona sketi za watu zina mikunjo, yangu haina?"

Alikuwa na miaka 17. Kidato cha pili alikiacha tumbo lilipoanza kuonekana. Huyo Madam ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyefundisha ushonaji kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi kusini mwa Tanzania. Vyuo hivyo, ambavyo sasa ni 54, serikali ilianza kuvifungua mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo huko Sweden.

Madam hakumkaripia. Alichukua chaki na futi, akachora rinda moja mezani: inchi moja inaonekana, mbili zinajificha nyuma yake. Binti akakunja kipande cha gazeti, akakikunjua, akakikunja tena. "Kumbe ni mara tatu!" Ishirini na sita mara tatu, sabini na nane, ongeza mbili za mshono, themanini. Hesabu ambazo darasani zilimtoa machozi alizipiga kwa kichwa, sindano zikiwa mdomoni.

Ndiyo maana Madam hukasirika akisikia kwamba cherehani ni ya walioshindwa shule. Wengi wa mabinti aliowapokea hawakushindwa shule, walitolewa. Ruhusa ya wanafunzi waliopata ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua ilitangazwa na Waziri Joyce Ndalichako tarehe 24 Novemba 2021. Kabla ya hapo, kwa wengi wao karakana ndiyo iliyobaki.

Na karakana nayo iliwahi kuwafungia mlango, kwa mkono wa Madam mwenyewe. Miaka ya mwanzo alikataza watoto wachanga kwa sababu ya pasi za mkaa na mikasi. Ilikuwa sababu ya haki, lakini muhula haujaisha mabinti watatu wakaacha kuja. Hilo linamuuma hadi leo. Alipolifikisha kwa mkuu wa chuo, ghala la vitambaa likahamishwa, chumba kikatandikwa mikeka, akatafutwa mama wa kuwaangalia watoto. Mmoja tu kati ya wale watatu ndiye aliyerudi.

Binti wa marinda alimaliza sketi yake siku ya nne. Alipokuwa akiipiga pasi alisimama ghafla: rangi ilikuwa ya shule aliyoiacha. Akanyunyiza maji, akaendelea na rinda lililofuata.

Mzazi mwenye binti aliyekatishwa masomo, nenda naye chuo kilicho karibu. Kabla ya kuuliza ada, uliza kama kuna mahali pa kumlaza mtoto, na kama anayefundisha kukata anafundisha na hesabu.