Barua kwa Akiru, Kabla Hajajaza Fomu ya Uraia

Ngaremara, Isiolo
23 Novemba 2025

Mwanangu Akiru,

Mwanao Ekai amemaliza mtihani wa KJSEA. Wao ndio Gredi ya 9 ya kwanza kuufanya nchini, hawakuwa na kaka wa kuwauliza ulivyo, na tangu amalize anatembea kifua mbele kama aliyetoka vitani. Mvua za vuli zimetupita mbali. Mengine ni ya siku zote.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema grin kadi inakutosha, itaisha 2029 na utaiongezea muda, sasa mambo ya uraia ni ya nini? Halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, ukasema eti siku ya kiapo watakutaka uikane Kenya. Nadhani hilo ndilo lililoifanya fomu ilale tangu mwaka jana, wala si urefu wake. Nitalifikia. Lakini nikianza nalo tutabishana mpaka Krismasi, na mtoto huyu anakua.

Ekai ana miaka 15. Ukibaki mkaazi wa kudumu unaweza kumwombea viza, ila anaingia kwenye foleni. Ukiwa raia, mtoto wako aliye chini ya miaka 21 na hajaoa hana foleni ya kungoja, zinabaki taratibu tu. Tena akifika huko na kadi yake kabla ya kutimiza miaka 18, akaishi nawe chini ya malezi yako, sheria yao ya mwaka 2000 inamfanya raia papo hapo, bila mtihani. Akishapita 18 itambidi angoje miaka yake mitano kama ulivyongoja wewe. Ombi lako litakula miezi, lake litakula miezi mingine. Piga hesabu mwenyewe.

Kijana wa saiba mjini alinichapishia fomu yenyewe, hiyo N-400, pamoja na maelekezo yake, nami nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi kama nilivyozoea shuleni. Miaka umeitimiza zamani. Wanataka mitano tangu upate kadi, mitatu kwa aliyeolewa na raia wao, nawe uliingia 2019 kwa bahati nasibu ya viza. Wanataka pia uwe umekaa ndani ya nchi yao angalau miezi 30 katika hiyo mitano. Hapo huna shida. Ada ni dola 710 ukijaza mtandaoni na 760 ukituma karatasi, na wakikunyima hairudi. Kwa hiyo kila lenye utata tulimalize kabla hujalipa.

Tuanze na safari. Fomu inataka kila safari ya zaidi ya saa 24 nje ya Marekani katika miaka mitano iliyopita, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Ile ya 2021 ni fupi. Ya 2023 ndiyo ya kuangalia, ulipokuja kumwuguza mama ukakaa hadi tukamzika. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, afisa anaanza kwa kudhani ulihama, na ni juu yako kumwonyesha kwamba kazi, nyumba na kodi vyote vilibaki huko. Ukikaa mwaka mzima, ukaaji wako umekatika. Wewe hukufika miezi sita, lakini "kama miezi mitano hivi" si jibu la kumpa mtu aliyeapishwa kuandika tarehe. Fungua pasipoti utafute muhuri wa JKIA. Nakumbuka ule wa kutoka uligongwa ukingoni na wino ulikuwa umekauka. Kama hausomeki, programu ya mazishi ninayo, ina tarehe, nawe uliondoka Jumapili iliyofuata. Halafu kuna M-PESA. Siku uliyotua uliwasha laini yako ya Safaricom ukanitumia pesa za kukodi gari la kumpeleka mama hospitali. Omba taarifa ya miamala ya miezi ile uone.

Majina sasa. Hapa ndipo watoto wa Ngaremara wanapokwama, na si kwa kosa lao. Ulizaliwa Akiru kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Padri akakubatiza Mary. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema Akiru Ekidor, cha KCPE kinasema Mary Ekidor, kitambulisho na pasipoti vinasema Mary Akiru Ekidor. Fomu ina mahali pa kuandika majina yote uliyowahi kutumia tangu uzaliwe. Yaandike yote, hata lile la KCPE, hata kama huoni maana yake. Jina ulilolitaja mwenyewe halimshtui mtu. Linalomshtua ni lile analolikuta yeye kwenye faili.

Jana nilikitoa sandukuni cheti cha kuzaliwa cha Ekai nikakisogeza kwenye taa. Kwenye mstari wa mama pameandikwa "Mary Akiro Ekidor". Karani alibonyeza "o" badala ya "u", na miaka 15 hakuna aliyeona, maana sote tulikuwa tunasoma tunachokijua badala ya kilichoandikwa. Kwa uraia wako herufi hiyo haina uzito. Kwa viza ya mtoto inao, kwa sababu atatakiwa kuonyesha kwamba yule Akiro na wewe ni mtu mmoja. Inasahihishwa kwa hati ya kiapo na vielelezo. Kadi yako ya ubatizo na ile ya kliniki ya mtoto zipo. Hilo niachie mimi.

Kuna kisanduku cha kuomba jina jipya siku unapopata uraia, mahakama ikubali, bila gharama nyingine. Najua huko wanakuita Mary kazini kwa sababu Akiru linawashinda. Uamuzi ni wako. Mimi ningeliacha lilivyo.

Maswali ya "umewahi" ni mengi, na "umewahi" yao inaanzia siku uliyozaliwa, popote ulipokuwa. Kukamatwa hata kama uliachiliwa asubuhi, hata kama ilikuwa Isiolo na wala si Texas, ni kukamatwa. Wanauliza pia kuhusu jeshi, polisi, wanamgambo na vikundi vya ulinzi vyenye silaha. Marehemu baba yako alikuwa polisi wa akiba, na bunduki ile uliiona ukutani utoto wako wote, lakini fomu inakuuliza wewe, haimwulizi baba yako. Jibu ni hapana. Yeye mwenyewe angekuwa anajaza, jibu lingekuwa ndiyo, na angeeleza. Lile la kujiandikisha kwa ajili ya jeshi lao ni la wanaume, lipite. Watoto waandike wote, anayeishi nawe na asiyeishi nawe. Ekai ulimwandika kwenye bahati nasibu ingawa nauli haikutosha watu wawili, na hapa lazima aonekane tena. Kama kuna kesi yoyote usiyoniambia, hata ya gari, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kulipa. Ombi hili linafungua faili lako lote.

Na kura. Ukienda kuchukua leseni ya udereva huwa wanauliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Sema hapana, kila mara, mpaka umekula kiapo. Asiye raia aliyepiga kura huko anaweza kupoteza uraia aliouomba na hata kadi aliyokuwa nayo. Kesho asubuhi ukiamka, hakikisha hakuna kadi ya mpiga kura iliyowahi kuletwa nyumbani kwako kwa jina lako.

Mtihani haunipi wasiwasi, ingawa kuchelewa kumekugharimu kidogo. Waliotuma fomu kabla ya tarehe 20 Oktoba mwaka huu walikuwa na maswali 100 ya kusoma, wanaulizwa 10, wakipata 6 wamepita. Wewe utasoma 128, utaulizwa hadi 20, na unahitaji 12. Wewe uliyekariri somo la GHC shuleni, hata majina ya maziwa ambayo hujawahi kuyaona, idadi ya maseneta itakushinda? Kiingereza watakupa sentensi ya kusoma na nyingine ya kuandika. Ukianguka unaitwa tena, mara moja tu. Soma kwenye basi unapotoka shifti ya usiku, kidogokidogo.

Sasa kiapo.

Nimesoma maneno yake. Yanasema waziwazi kwamba unaacha kabisa utii kwa dola yoyote ya kigeni uliyokuwa raia wake, na kwamba utaitetea nchi yao, hata kwa silaha sheria ikitaka. Sitakuambia ni mapambo. Hapa kwetu mtu hali kiapo huku anacheka, na sitaki uwe wa kwanza.

Lakini ujue pia sisi ni watu gani kwa habari ya uraia. Mkoloni aliiweka Isiolo katika ile wilaya ya mpaka wa kaskazini, NFD, ambako hukuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ukaja 1963, na sheria za hali ya hatari zikabaki juu ya Isiolo hadi 1991. Kwenye kituo cha polisi cha kizuizi pale mjini, gari la kwenda kaskazini lilisimama likaandikwa kitabuni, na Ngaremara ilikuwa upande ule wa kuandikwa. Wazee walipopanda lori kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya. Hawakuwa wanatania. Kwa hiyo ninaposema uraia wako wa hapa ni wa kushikwa kwa mikono miwili, sisemi kwa sababu ya bendera. Ulipiganiwa na watu waliotakiwa kuuthibitisha kila walipotaka kuvuka mji.

Na sheria imeushika. Katiba ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kabla ya hapo aliyechukua wa kwingine alihesabiwa ameupoteza, ndiyo maana wazee wa ng'ambo bado wanakutisha kwa hadithi za zamani. Kuukana uraia wa Kenya kuna utaratibu wake hapa Kenya, kwa tamko rasmi kwa serikali; maneno unayosema katika ukumbi wa Dallas hayafanyi kazi hiyo, na Marekani yenyewe haikudai pasipoti yako ya Kenya. Yule wakili Miguna Miguna alichukua uraia wa Kanada zamani za sheria ile, akafukuzwa nchini 2018, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba hakuwahi kupoteza wa kuzaliwa. Hata hivyo alikaa nje hadi Oktoba 2022. Nakutajia habari yake ili usizembee na kinachofuata.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakutaka uitangazie serikali ya Kenya uraia wako wa pili ndani ya miezi mitatu baada ya kuupata. Usipotangaza, faini ni hadi shilingi milioni tano, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Baada ya picha na maua na keki, weka alama kwenye kalenda. Pasipoti ya Kenya nayo usiiache ife. Ingia kwao kwa yao, ingia kwetu kwa yetu.

Shangazi zako wanauliza kama utapoteza fungu lako katika ardhi ya jamii. Nimewaambia asiye raia ndiye anayewekewa mpaka wa kukodi kwa miaka 99, na wewe utakuwa bado raia. Walitulia, ingawa mmoja alitaka kuona kifungu. Kuna kitu utafungiwa: ibara ya 78 haimruhusu afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kiti cha uwakilishi wadi wa Ngaremara kisahau mpaka uukane wa Marekani. Nimeona walivyokipigania mara iliyopita. Hujapoteza kitu.

Yote hayo ni sheria, na moyo una mambo yake. Kama ukiyasoma maneno yale ukaona huwezi kuyasema ukimaanisha, usiende. Baki na kadi, iongeze 2029, tutamtafutia Ekai njia iliyo ndefu zaidi, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayekulaumu. Kama unaweza kuyasema, yaseme kwa sauti. Nchi hiyo imekulipa mshahara uliomsomesha huyu mtoto na kumtibu mama, nami sioni aibu yoyote katika kuiahidi utii wako.

Jumanne nakwenda Isiolo kuanza habari ya ile herufi. Kabla ya hapo nitumie picha za kurasa zote za pasipoti, hata zilizo tupu, na kadi mbele na nyuma. Zipige mchana karibu na dirisha. Za mara ile zilikuwa na kivuli cha mkono wako juu ya tarehe.

Ni mimi baba yako mdogo,
Ewoi