Kutoka Mwaya kuitafuta Langenburg

Kwenye ramani za Wajerumani, Mwaya iliandikwa Muaja. Hapo ndipo nilipoanzia safari ya kuutafuta mji waliouacha, Langenburg ya Ziwa Nyasa.

Langenburg ya asili ni mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, umekaa juu ya mgongo wa kilima, na Mto Jagst unapita bondeni. Hermann, mkuu wa ukoo wa Hohenlohe-Langenburg, aliongoza jumuiya ya wapenda ukoloni nchini kwake. Msafara wa Mjerumani Wissmann ulipofika Ziwa Nyasa mwaka 1893, na meli iliyoletwa vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, boma lililojengwa ufukoni likapewa jina la Langenburg.

Bodaboda ilinipitisha katikati ya mpunga na kokoa. Tambarare hii ya Kyela imeumbwa na mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha udongo kutoka nyanda za juu mwaka hadi mwaka. Huko Matema, tambarare inakatika ghafla. Milima ya Livingstone inasimama wima, na barabara inaishia hapo.

Nikapanda boti. Tulipita Ikombe, ambako akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa soko la Matema. Nahodha alikuwa mzee, akiangalia maji zaidi kuliko alivyoniangalia mimi.

"Shikamoo, mzee. Lumbila bado mbali?"

"Marahaba, mwanangu. Tutafika, ila tuwahi. Upepo wa mwera ukiamka, hapa hapapitiki."

Lumbila ndiyo Langenburg ile. Nilipokanyaga ufuko wake nilielewa historia ambayo vitabu huipitia haraka. Kwa meli, mahali hapa pamejificha vizuri. Kwa kutawala watu, hapafai: mbele ziwa lenye kina kirefu, nyuma mlima, na ardhi ya kulima ni kipande chembamba tu. Wanyakyusa, ambao boma lilitaka kuwatoza kodi, walikuwa wengi huko nyuma, kwenye tambarare na miteremko ya Mlima Rungwe. Joto na malaria vikaongeza uzito. Karne ya 20 ilipoanza, makao ya wilaya yakahamishiwa Tukuyu, juu kwenye baridi na mvua, wakapaita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya.

Jina hilo nalo halikudumu. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland na kuuteka mji, na leo ni Tukuyu.

Mkoloni alichagua jina akiwa na ramani mkononi; mlima, ziwa na mito vikaamua mji ukae wapi. Walimu wa Kyela, Rungwe na Ludewa, somo hili lipo mlangoni kwenu. Wapelekeni wanafunzi Matema na Lumbila, wasikilize wazee wa huko, waandike wanachosikia sasa, wazee hao wakiwa bado wapo.