Kutafuta Mlango kwa GPS

Tarehe 3 Mei 2000, Mmarekani Dave Ulmer alificha ndoo msituni huko Oregon, kisha akawatangazia watu tarakimu za mahali ilipo. Serikali ya nchi yake ilikuwa ndiyo kwanza imeacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Mchezo huo wa kusaka vitu vilivyofichwa, uitwao jiokashingi, umeenea duniani. Kinachonivutia ni mwisho wake. Chini ya anga wazi, simu janja hukosea kwa mita 5 hivi. Penye miti mingi au majengo marefu hukosea zaidi. Basi msakaji akikaribia, huitia simu mfukoni, akainua mawe na kuchungulia mashimo ya miti.

Mtaani kwetu Kampala kinachosakwa ni mlango wa mtu. Nyumba hazina namba. Mgeni huambiwa ashuke kwenye stendi ya boda boda, apite duka la mkaa, kisha aulize. Usiku duka limefungwa na hana wa kumwuliza.

Mwaka jana jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Dereva tuliyempigia simu alitumiwa alama ya mahali tulipo. Alama ilikuwa sahihi, lakini ramani haikuonyesha mtaro unaoukata mtaa wetu. Akasimama ng'ambo, akiziona taa zetu, bila njia ya gari. Tulimshika mama mikono, tukamtembeza polepole hadi kwenye daraja la miguu. Alijifungua salama, lakini njiani kila mmoja wetu alikuwa akiomba kimya kimya.

Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,000. Simu hupokea mawimbi yake na kujua ilipo hata bila bando la intaneti. Lakini setilaiti haijui mtaro, wala geti linalofungwa usiku. Hayo huwekwa na watu. OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, humruhusu yeyote kuyaongeza. Jijini Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa inayofurika kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015.

Likizo iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulizunguka mtaa mzima na simu. Tuliweka mtaro, daraja, bomba la maji na vichochoro vinavyopitika kwa gari. Kazi ngumu ilikuwa majina. Kona moja vijana wa boda boda waliiita hivi, wazee wakaiita vingine. Mzee mmoja akatuambia kwa Kiganda, "Wajukuu zangu, andikeni yote mawili. Mtu akiwa na shida hulitaja lile alilolizoea." Tukayaandika yote mawili.

Wanafunzi wenzangu, anzeni na njia itokayo mlangoni kwenu hadi barabara ya gari. Ni fupi, na nyinyi ndio mnaoijua.