Watu Wanaokaa katika Motokaa

Watu wengi wa huku kwetu Irumu wakisikia ya kuwa huko Marekani wako watu wanaokaa ndani ya motokaa, hucheka. Huuliza: "Mtu mwenye motokaa anakosaje nyumba?" Lakini habari hiyo ni ya kweli, wala haichekeshi.

Jambo lenyewe ni hili. Katika miji mikubwa kama Los Angeles na Seattle, kodi ya nyumba imepanda kupita nguvu ya wafanyakazi wengi. Motokaa kuukuu hununuliwa mara moja tu, bali kodi hudaiwa kila mwezi, tena mwenye nyumba hutaka fedha nyingi kabla ya kutoa ufunguo. Basi mtu hutandika godoro nyuma ya viti, hulala humo, na asubuhi huenda kazini kama wenzake. Los Angeles ilikuwa na sheria ya mwaka 1983 iliyokataza kukaa katika motokaa. Mahakama iliitangua mwaka 2014. Lakini mwaka 2024 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, katika shauri la mji wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwatoza faini watu wanaolala nje. Maskini hana nyumba, naye huadhibiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tujitazame sisi. Kwetu Bunia wasaidizi wa madereva hulala chini ya lori, lakini hao wako safarini. Walio ndugu kweli wa watu wale wa Marekani ni wale wanaokaa chini ya bashi. Vita ya Djugu ilipowaka tena mwisho wa mwaka 2017, maelfu walikimbilia Bunia. Kwanza wengi walikaa katika uwanja wa Hospitali Kuu. Mwaka 2019 wakahamishiwa Kigonze. Mwaka 2021 Boga na Tchabi, katika Irumu yetu, zikashambuliwa, na watu wakakimbia tena. Kati ya hao wako mafundi, walimu na wauzaji wa sokoni. Wengine wanaweza kulipa kodi ya mwezi. Wasichoweza ni garanti.

Tangu mwaka 2015 Bunia ni mji mkuu wa provinsi ya Ituri. Maofisi yameongezeka, na kodi huhesabiwa kwa dola, hali mshahara wa wengi ni franki. Sisi wenyewe tulipotafuta nyumba, mwenye nyumba mmoja alitudai garanti ya miezi sita, fedha mkononi, bila karatasi yoyote. Mshahara wa katekista mnaujua. Tukarudi kwa shemeji yetu, watu tisa katika vyumba viwili.

Wala sheria haisemi hivyo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Tena garanti si mali ya mwenye nyumba. Ni amana: hurudishwa mpangaji akitoka, kama hana deni wala hakuharibu kitu.

Wenye nyumba nao wana neno. Mabati na saruji ni ghali, na wako wapangaji wanaotoroka. Mjane aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha hula kwa kodi hiyo. Hiyo ni kweli. Ndiyo maana sheria imempa miezi mitatu. Inayozidi si kinga tena, ni ukuta. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kuwa na nyumba kunagusa heshima ya mtu na ustawi wa jamaa.

Basi, ninyi wenye nyumba za kupangisha, ambao tunaonana nanyi kila Jumapili, pokeeni garanti ya miezi mitatu, isizidi. Andikeni karatasi mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na yake. Mtu akikosa yote mara moja, mpeni nafasi alipe kidogo kidogo. Nanyi wapangaji, lipeni siku mliyopatana. Maana anayehama usiku na deni humfungia mlango mkimbizi atakayebisha kesho.