Mpira wa Mzee wa Makoti

Mficha uchi hazai, walilonga wahenga, nao wangaliweza kuongeza kwamba mficha mkojo huugua figo. Mzee mmoja muuza makoti katika soko la Gikomba aliuficha wake kwa miezi kadhaa. Tezi dume ilikuwa imevimba na kuibana njia ya mkojo. Usiku aliamka mara tano au sita. Mchana alizunguka vichochoroni akitafuta choo cha kulipia, akatoka humo na matone tu. Siku njia ilipozibika kabisa, tumbo la chini likawa gumu kama ngoma. Vijana wakampakia kwenye mkokoteni hadi kituo cha afya, akawekewa mpira wa mkojo. Mzee alilia, wala si kwa maumivu.

Mpira wenyewe ni kifaa sahili mno. Ndani mna mifereji miwili: mmoja mpana wa kupitisha mkojo, mwingine mwembamba unaoishia kwenye puto dogo karibu na ncha. Muuguzi huuingiza hadi mkojo uonekane, akausukuma mbele kidogo zaidi, ndipo alijazapo puto yapata mililita 10 za maji yaliyotakaswa. Maji matupu, si ya chumvi, kwani chumvi huweza kuganda mferejini na puto likakataa kunywea siku ya kuutoa. Hapo awali mipira ilifungwa kwa nyuzi au kubandikwa kwa plasta ili isichomoke. Katika miaka ya 1930 daktari Mmarekani, Frederic Foley, akaushikiza kwa puto. Hataza ilimwendea mwingine, Paul Raiche, lakini jina lililobaki vinywani mwa madaktari ni la Foley.

Gikomba, hata hivyo, si wodi. Marobota hupita mabegani, mikokoteni husukumwa kwa kelele za "Njia! Njia!", na mpira ukinaswa na msumari wa kibanda, puto lililojaa huivutia shingo ya kibofu na kuichana njia ya mkojo. Kwa hiyo muuguzi aliufunga pajani, akamwonya: "Baba, usiuvute hata ukuwashe vipi. Maji ya puto yatoke kwanza."

Hilo mzee alilishika. Lililomshinda ni aibu. Aliuning'iniza mfuko kifuani, chini ya koti, ili wateja wasiuone. Tena akaacha kunywa maji ili usijae. Mkojo ukarudi ulikotoka, homa ikampanda. Ni rahisi kuilaumu aibu hiyo kwa mtu asiyevaa mfuko.

"Baba, maji hayapandi mlima," muuguzi alimwambia aliporudi akitetemeka. Mfuko hukaa chini ya kibofu daima, na mpira hubadilishwa kwa wakati: ule wa kawaida baada ya wiki chache, wa silikoni hadi wiki 12.

Dawa ya aibu ilipatikana sokoni humohumo. Mzee alipekua rundo la jirani, akachagua suruali pana, mfuko ukafungwa kwenye ndama ya mguu, ndani. Upasuaji wa tezi ungali unasubiri fedha. Wateja wakimuuliza mbona suruali pana hivyo, huwajibu kwamba hiyo ni kamera, imetoka kwenye robota la jana.